Maji Yaliyoniuma

Harufu yenyewe sijui niiite nini. Ni ya maji yaliyokaa na majani, ina ubichi kama wa tango lililokatwa sasa hivi, na kwa chini kuna matope kidogo. Juzi nilikutana nayo kwa daktari wa meno hapa Mwanza, ninakoishi siku hizi. Kwenye chumba cha kungojea waliweka tangi la samaki, taa inawaka, mapovu yanapanda, na watoto wamebandika nyuso zao kwenye kioo. Mimi nilihama kiti. Nilikwenda kukaa karibu na mlango, na nilipojitazama nikaona mkono wangu wa kulia nimeuficha kwapani, mtu mzima na heshima zangu.

Nichekeni tu. Lakini mkishacheka, sikilizeni.

Tulikuwa tunakaa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sakafu nyekundu ya saruji ambayo Mama aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Kila Jumamosi asubuhi aliisugua mpaka ukaona kivuli chako ndani yake. Baba alikuwa fundi wa mabehewa ya treni. Zamani chuma kiliwahi kumwangukia mguuni, na unyayo wake ukabaki na kovu lililokuwa likipasuka kila kiangazi, kwa hiyo hakukanyaga chini bila ndala za mpira, iwe sebuleni, iwe bafuni. Mama hakuruhusu mtu mwingine yeyote aingie na ndala sakafu ikiwa mbichi. Baba peke yake ndiye aliyesamehewa.

Na Baba alikuwa na ugonjwa mmoja: samaki wa mapambo. Aliupatia dukani kwa Bwana Kanji, mzee wa Kihindi aliyeuza vyombo na vipuri karibu na soko. Nyuma ya kaunta kulikuwa na tangi la kioo, na kila tulipoenda kununua msumari mmoja tulisimama pale hadi miguu ikaniuma. Siku moja Bwana Kanji alisema macho yake hayaoni tena uchafu kwenye kioo, samaki wanateseka bure, na Baba alichukue tangi lile, mradi achague samaki wachache wa kuanza nao, wengine angewagawa.

Tulichagua tukiwa tumechuchumaa mbele ya ndoo. Bwana Kanji alinigeukia mimi, si Baba. "Wewe binti, usichukue huyo anayejibanza pembeni na mapezi ameyafunga. Huyo mgonjwa. Chukua anayekuja juu kukuuliza umeleta nini." Nikachagua wa dhahabu wawili, kundi la wadogo wenye mikia kama kanga inayopepea, na mmoja mweusi tii, macho yamemtoka nje kama mtu aliyesikia habari mbaya. Baba alimpa jina Mkaguzi. Tukapewa na majani marefu kama utepe, mizizi yake imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, na maelekezo tele: maji ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo ili dawa yake itoke, usibadilishe maji yote kwa mpigo, chakula kisizidi kile ambacho vidole viwili vinabana, majani yanayooza yatolewe kabla hayajaharibu maji.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Goweko kukaa nasi baada ya kuvuna tumbaku. Kila asubuhi alipita mbele ya tangi, akawaamkia samaki "mwangaluka" kwa Kinyamwezi, kisha akauliza watakaangwa lini. Baba alipomweleza kwamba hawa ni wa kutazama tu, alisogeza uso kwenye kioo. "Na wao wanatutazama sisi," akasema. "Sasa nani anamfuga mwenzake?"

Kazi ya kutoa majani yaliyooza nilipewa mimi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwembamba. Niliipenda. Kila Jumamosi, Mama akimaliza kusugua, nilipiga magoti kwenye kigoda kando ya tangi na kuzamisha mkono mpaka kiwikoni, na samaki wadogo walikuja kunidonoa vinyweleo. Mkaguzi pekee alibaki mbali, akinitazama na yale macho yake.

Kisha ikaja baridi ya kipupwe. Mnaoijua Tabora ya mwezi wa sita mnajua asubuhi zake, upepo unaingia hadi kwenye meno. Baba aliwaonea huruma samaki wadogo, akaagiza kutoka Dar hita ya tangini, mrija wa kioo kama tochi nyembamba unaozama majini na kuwaka taa nyekundu. Bwana Kanji alimwambia samaki hawa wamezoea, hawana haja nayo. Baba aliitia hivyo hivyo. Kigoda changu kilikuwa kimevunjika mguu siku zile, kwa hiyo nikawa nasimama sakafuni, kwa ncha za vidole.

Jumamosi moja, muda mfupi baada ya Baba kubadilisha maji, nilizamisha mkono na maji yakaniuma.

Sina neno jingine. Si samaki aliyeniuma, ni maji. Kitu kama sisimizi wengi kwa pamoja kiliingia kwenye vidole, kikapanda, kikazunguka kiwiko na kuubana mfupa. Niliutoa mkono. Niliutazama: hakuna jeraha, hakuna wekundu. Samaki waliendelea kuogelea kama kawaida. Mkaguzi alikuwa amegeuka kunielekea. Nikajaribu tena, na maji yakaniuma tena.

Nilimwita Baba. Alikuja akiburuza ndala zake, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mzima, akaukorogakoroga. "Yanauma wapi?" Nikasema hapo hapo. Akaucheka ule uso wangu, akanipa kitambaa nijifute. "Nyamizi, mwanangu, ni baridi tu hiyo. Mishipa inashtuka."

Nilitaka sana iwe baridi. Lakini Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile, na safari hii sisimizi walifika begani. Nikamwita tena, naye akazamisha mkono tena, tena kwa muda mrefu, akinitazama kwa upole ulionitia uchungu kuliko kelele. Maji hayakumfanya kitu. Sasa niwaulize, mtoto wa miaka tisa angefikiri nini? Maji yaleyale, saa ileile, yanamwacha Baba na kuniuma mimi. Nilifikiri yananijua. Nilifikiri Mkaguzi amewaambia wenzake jambo fulani juu yangu, kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua bado, na kwamba siku moja kitatokea hadharani na watu wote wa nyumba ile watanitazama kama alivyonitazama yeye.

Kuanzia hapo niliiogopa sebule yetu. Nilipita ukutani, mgongo umegusa ukuta, macho kwenye kioo. Kanisani, kwetu ni Wamoraviani, nilifumba macho na kuomba Mungu aondoe samaki, au aniondoe mimi kwenye zamu, na nikaogopa pia kwamba anaweza kuchagua njia yoyote anayotaka.

Siku moja, kwa kuhangaika, niligundua jambo. Nyuma ya kabati kulikuwa na swichi ya ukutani iliyoendesha vyote vya tangi: taa, pampu ya hewa na hita. Niliizima ili nisisikie lile buruburu la pampu, maana hata sauti ile ilikuwa inanitisha, kisha nikagusa maji kwa kidole kimoja. Hayakuuma. Nikafikiri nimeyalaza. Tangu siku hiyo nilizima swichi kwanza, nikatoa majani harakaharaka, nikawasha. Hata nilipokuwa napita tu kwenda jikoni niliizima, na mara nyingine nikasahau kuiwasha.

Siku moja Baba aliporudi kutoka kazini alikuta samaki wako juu wanahema, midomo nje ya maji. Mmoja wa dhahabu alikuwa amekufa, amelala kwa ubavu kati ya majani. Sijawahi kumwona Baba akikasirika vile. Hakunipiga. Alimweka samaki kwenye kiganja changu na kusema, "Huyu alikosa pumzi. Swichi ile usiiguse tena, umenisikia?" Nikasema nimesikia. Samaki alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na baridi.

Jumamosi iliyofuata sikuweza. Mama alikuwa amemaliza kusugua, sakafu inang'aa kwa maji, Baba ametoka, Bibi yuko uani anabangua karanga. Mama aliniambia nikatoe majani. Nilifika mlangoni miguu ikakataa. Nikatapika uji wote pale kwenye kizingiti.

Mama hakunigombeza. Alifuta, akaninawisha uso, akachuchumaa mbele yangu. "Niambie vizuri. Yanauma ukifanyaje?"

Nikamwonyesha kwa kidole: nasimama pale, natia mkono pale, kwenye yale majani ya nyuma.

"Kaa hapo hapo," akasema.

Alivua ndala alizokuwa amevaa kutoka uani, akaziacha mlangoni. Akavuka sakafu ile mbichi, akasimama nilipokuwa nasimama mimi, akakunja mkono wa gauni na kuuzamisha.

Sauti iliyomtoka haikuwa ya Mama. Haikuwa hata kelele, ilikuwa kama mtu anayekabwa. Mwili wake ulikakamaa, kichwa kikarudi nyuma, na mkono ukabaki mle ndani, hautoki. Maji yalikuwa yanaruka nje na kumwagika kifuani mwake. Macho yake yalinitafuta, yakanipata, na mdomo ukawa unajaribu kusema kitu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa. Sikuelewa chochote. Nilijua tu kwamba maji yameamka na kumshika Mama, na kwamba kuna njia moja tu ya kuyalaza, nayo nimekatazwa. Nilikimbia mpaka nyuma ya kabati nikaipiga ile swichi kwa kiganja.

Pampu ikanyamaza. Mama akaanguka chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Bibi aliingia mbio, karanga zinamwagika kutoka kwenye kanga yake, akaanza kupiga yowe kwa Kinyamwezi hadi majirani wakaja. Mimi sikulia. Nilikaa chini pale pale nyuma ya kabati, nimeikumbatia ile swichi kwa mikono miwili asije mtu akaiwasha. Nilisikia mtu akisema "anapumua," nikasikia gari la jirani likiwashwa, na hata hapo sikutoka. Baba ndiye aliyenibandua, kidole kimoja kimoja.

Mama alirudi kutoka hospitali jioni ya siku ya pili, mkono umefungwa bandeji, sauti imekauka. Siku ile Baba na Bwana Kanji walikuwa wameitoa hita na kuipeleka kwenye mwanga wa dirishani. Kioo chake kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Baba alikuwa ameiacha inawaka alipopunguza maji, ikapata moto nje ya maji, kisha akaimwagia maji baridi ya ndoo. Umeme ulikuwa unavuja tangu siku hiyo. Aliyesimama na miguu mitupu kwenye sakafu mbichi ulimpitia kwenda ardhini. Aliyevaa mpira ulimwacha.

Bwana Kanji alinieleza yote hayo taratibu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Baba alikuja akapiga magoti mbele yangu, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawawafanyii watoto, na akasema, "Yalikuwa yanakuuma kweli."

Samaki walirudi kwa Bwana Kanji kwenye ndoo ileile. Bibi akasema ni hasara, angalau tungewakaanga.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alitia mkono mle kwa sababu mimi nilikuwa nimetapika na kazi ilikuwa haijaisha. Niliamini ilikuwa ni bahati mbaya tu ya kina mama, wanaomalizia kazi za watoto wao. Mwaka jana alikuja kunisaidia nilipojifungua. Tulikuwa tumekaa, mtoto amelala mapajani mwake, nikaona makovu madogo meupe kwenye vidole vyake, nikamwuliza kwa nini siku ile hakumsubiri Baba.

"Baba yako alikuwa ameshatia mkono mara mbili," akasema. "Hakuona kitu. Lakini wewe ulikuwa hupendi kudanganya, na ulikuwa unakonda. Nikajiuliza, mtoto anafanya nini ambacho baba yake hafanyi? Nikaona anasimama miguu mitupu."

"Ulijua ni umeme?"

"Sikujua. Nilidhani labda kuna kitu chini pale, konokono mwenye sumu, sijui. Nilijua tu kipo." Alimfunika mtoto miguu kwa kanga. "Nikavua ndala ili na mimi kinipate."