Uvungu wa Gari Langu

Fundi wa hapa Nshambya alinionya kabla sijanunua. Alipiga magoti, akapitisha mkono uvunguni, akanyanyuka anatikisa kichwa. "Mwalimu, kwa macho hili ni gari la juu, lakini tumbo lake liko chini. Ukipakia watu na mizigo litashuka zaidi. Wewe si mtu wa Kimwani, kwenye njia za mashambani?" Nikamjibu kwa ukali kwamba nanunua gari, sinunui trekta. Sikio la kufa halisikii dawa. Rangi ya lile gari ilikuwa imeshanimaliza.

Safari ya kwanza kwenda kwa Taata, baba yangu mzazi, nikafika kwenye njia inayokatiza kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa. Katikati ina mgongo wa udongo na majani. Chuma kikakwaruza, kraaa! Nikashuka nimenuna. Badala ya kukiri kwamba kosa ni la gari, nikamgeukia mzee: "Taata, njia yenu hii ni aibu! Wenzenu wanatengeneza, ninyi mmekaa tu." Mimi na mdomo wangu! Mzee wa watu akanipokea mfuko wa sukari, akasema, "Pole, mwanangu."

Baada ya hapo sikwenda kwa miezi kadhaa. Akipiga simu kuuliza tutaonana lini, namjibu, "Njia, Taata." Uongo mtupu. Nilikuwa naonea huruma gari.

Nilipokwenda tena nilimkuta amesimama na jembe, udongo umemfika magotini, anacheka. Ule mgongo alikuwa ameusawazisha peke yake, na umri wake ule. Palipokuwa na jiwe lisilong'oka, alikuwa ameipindisha njia na kukata miti mitatu ya kahawa. Ni ile aliyoipanda bibi, ambayo utotoni tulichapwa kwa kuvunja hata tawi. Visiki vilikuwa bado vibichi.

"Taata, mbona umekata kahawa?"

"Kahawa haiji kunisalimia," alisema. "Haya, pita nione."

Nikapita taratibu, pumzi nimezibana. Penye kona gari likagonga chini. Alisikia, maana kicheko kilikatika. Pale pale ningemwambia ukweli, kwamba njia yake haina kosa, na haikuwa nalo tangu mwanzo. Niliona aibu, nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Mzee alisogea, akapaangalia mahali lilipogonga, akaniomba radhi. "Samahani, mwanangu. Hapa sikuchimba vizuri." Akaanza kupachimba upya kwa jembe.