Njia ya Ukweni Bila Bando

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo masikio yangu hupata moto. Mimi ni fundi seremala hapa Tuwan, mjini Kitale, na mvi zangu zimeitangulia miaka yangu. Siku hiyo nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mtu wa umri huo hafai kuitwa kijana, lakini ujana wa kichwani huchelewa kutoka. Nakusimulia leo kwa sababu nimekuona ukijiandaa kusafiri huku ukipapasa simu.

Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wa tohara kwetu Wabukusu. Mtoto wangu wa kwanza, Simiyu, alikuwa atahiriwe alfajiri ya kesho yake, nyumbani kwa baba yangu, nje kidogo ya Kitale. Na kwetu, kabla kijana hajasimama mbele ya kisu, huenda kwanza kwa mjomba wake, ndugu ya mama yake. Mjomba huchinja ng'ombe, hukata ukanda wa nyama ya kidari, humvisha mpwa wake shingoni. Hiyo ndiyo baraka ya upande wa mama. Kijana hurudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Akirudi shingo tupu, atasimama alfajiri kama mtoto asiye na wajomba, na hilo ataambiwa mpaka uzeeni.

Mjomba wa Simiyu, shemeji yangu Wanyonyi, anakaa ndani ndani huko Bumula, ukishapita mji wa Bungoma. Kwa desturi si baba anayempeleka kijana. Ndugu yangu mdogo, Barasa, ndiye aliyepangiwa, naye njia aliijua. Nikakataa. Nilikuwa nimenunua simu mpya, ya kwanza kwangu yenye ramani, na nilitafuta mahali pa kuionyesha.

Mke wangu Nekesa alijaribu kunielekeza. "Baba Simiyu, ukitoka lami kuna poshomili ya kusaga mahindi, halafu kanisa la mabati mekundu, halafu hapo uulize."

"Hiyo yote iko hapa ndani," nikamwambia, nikigonga kioo kwa kidole. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye sufuria zake.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Rafiki yangu Hassan, dereva wa lori anayekaa karibu na msikiti wa mjini, alikuwa amenionyesha simu yake siku moja akiwa hana bando hata kidogo. Kidoti cha buluu kilikuwa kikitembea kwenye ramani, na kila barabara imeandikwa jina. "Hii haitaki bando," akaniambia. "Simu inajua mahali iko kutoka kwa setilaiti huko juu, bure." Alisema kweli. Ila aliendelea kusema mengine, kwamba ramani ya unakokwenda lazima uipakue mapema ukiwa na mtandao, ikae ndani ya simu. Mimi nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti. Nilimwona mwenzangu akila, sikumwona akipika. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mimi niliondoka Kitale na nyota ya Hassan.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa pikipiki, Simiyu nyuma yangu, njuga zake za chuma za tohara zikilia kila tulipopita shimo. Mpaka mjini Bungoma ramani ilikuwa sawa, kwa kuwa barabara hizo nilikuwa nimezitazama jana yake na bando la mwisho, zikabaki kwenye simu. Tukashika njia ya Bumula, tukatoka lami. Nikasimama nitazame. Hapo, mwanangu, barabara zilikuwa zimekwisha. Kidoti cha buluu kilikuwepo, kimetulia katikati ya kijivu kitupu. Hakuna njia, hakuna mto, hakuna jina. Simu ilijua hasa nilipo, ila haikujua pale pana nini.

Saa nne ikapita. Tuliingia kwenye miwa tukatokea kisimani. Tukageuka, tukashika njia nyingine, nayo ikatuleta kwenye kisima kile kile. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walitutazama mara ya pili, na mimi nikawasalimia kana kwamba nilikuwa nimepanga kupita pale mara mbili. Mmoja alicheka, akaona haya, akaangalia mtungi wake.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Salio nilikuwa nalo. Lakini nimwambie nini shemeji? Kwamba nimekaa na dada yao miaka kumi na minne na mlango wao siujui? Maana huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Nilikwenda kule mara moja tu, siku ya mahari, ndani ya gari la kukodi, nikipiga soga na wenzangu. Baada ya hapo Nekesa akawa anakwenda bila mimi. Mimi nilikuwa na kazi. Kila mwaka nilikuwa na kazi.

"Baba, tutachelewa?" Simiyu akauliza.

"Hatuchelewi."

Hakuuliza tena, lakini njuga zilikuwa zinatetemeka hata pikipiki ikiwa imesimama. Mtoto aliyekuwa haogopi kisu, mimi baba yake ndiye niliyemtia hofu. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Saa tano na kitu tukafika njia panda. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, beseni la viazi vitamu mbele yake. Nikasema basi, kuuliza si ujinga. Nikaisogeza pikipiki mpaka karibu naye kabisa, nikainama nimwone vizuri. "Mama, habari yako. Samahani, kwa Wanyonyi ni wapi?"

Akajifunika uso kwa leso upesi, akageuka, akanipa mgongo. Nikaudhika. Nikasema moyoni, ati watu wa huku ndio hawana adabu namna hii. Nikauliza tena, sauti juu.

Simiyu akaruka chini. "Kukhu!" akaita, yaani nyanya. "Baba, huyu si ni kukhu!" Mama yake alikuwa amempeleka kule akiwa mdogo. Njia alikuwa ameisahau, uso hakuusahau.

Kama hujui mila yetu, mwanangu, nikwambie. Mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hamtazami machoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Ni heshima kubwa. Na mimi nilikuwa nimemsogezea gurudumu hadi magotini, nikamkodolea macho, nikamuuliza njia ya kwake mwenyewe. Nilirudi nyuma na pikipiki nusura nitumbukie mtaroni.

Mama mkwe hakugeuka. Alimkumbatia mjukuu wake kwa mkono mmoja, akazungumza naye kwa sauti ambayo nami ningeisikia.

"Simu ya baba yako imefanya nini?"

"Inaonyesha mahali tuko, kukhu. Lakini njia haionyeshi."

"Basi mwambie hivi. Mahali ako, hata sisi tunajua. Ako Kitale, miaka kumi na minne sasa. Kitu hatujui ni kwa nini haji."

Hakusema kwa ukali.

Akajitwika beseni lake, akatangulia. Kumpakia kwenye pikipiki haikuwezekana, kwa hiyo nikazima injini, nikaisukuma nyuma yake kwa umbali wa hatua kama thelathini, macho yangu chini kwenye visigino vyake. Simiyu alikimbia katikati yetu na njuga zake, akipeleka maneno na kuleta.

"Baba, kukhu anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Akaenda, akarudi. "Anasema unadanganya. Anasema ukifika kwanza upewe chai."

Langoni Wanyonyi alitupokea kwa furaha, ng'ombe ameshafungwa. Akanivuta kando. "Shemeji, mama ametoka hapa asubuhi na mapema kuwangoja njia panda. Nikamwambia wacha bana, hao wako na simu, watapiga. Akasema huyo njia haijui, na kuuliza hatauliza." Nilienda nyuma ya ghala la mahindi, nikalia. Sioni haya kukwambia. Mtu niliyempa kisogo miaka yote hiyo alikuwa ananijua kuliko nilivyojijua.

Simiyu akavishwa nyama yake. Kabla hatujaondoka nikaitoa ile simu, nikabonyeza juu ya kijivu kile kitupu pale kidoti kiliposimama, nikaweka alama, nikaandika "Mama". Ikakubali bila bando. Tulifika Kitale jua likigusa miti, Nekesa amesimama barabarani, na alfajiri mtoto alisimama bila kupepesa jicho.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Hassan nikaketi mpaka akamaliza maneno yake yote. Kisha nikawa nakwenda Bumula, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, hata bila sababu. Mama mkwe alinisalimu kwa mbali, leso usoni, na kila nilipoondoka watoto walinikimbilia na viazi kwenye mfuko. Sikuwahi kula naye meza moja. Nilimpenda sana.

Ameshafariki sasa. Siku ya mazishi niliongoza magari ya watu wa Kitale, mimi mbele kwa pikipiki, simu mfukoni. Tulipofika ile njia panda, jiwe lilikuwa pale na hakuna aliyeketi juu yake. Nikasimamisha msafara. Nikashuka, nikasimama mbali na lile jiwe, hatua kama thelathini, nikainamisha kichwa. Watu wa mjini walidhani njia imenipotea.

Kwa hiyo, mwanangu, usiidharau simu, haikunikosea kitu. Ukiwa bado na mtandao, pakua ramani ya unakokwenda, eneo lote, hata vijijini. Kisha zima data, uijaribu ukiwa hapa hapa mlangoni, maana kosa la nyumbani hurekebishika. Anayekuelekeza msikilize mpaka amalize. Ukipotea uliza mapema, kabla aibu haijawa nzito kuliko safari. Na kwa watu wako usingoje siku ya shughuli ndipo uitafute njia. Nenda siku ya kawaida, ukae, unywe chai, ujue mlango na sura zao. Hiyo ramani haipakuliwi, na wenyewe hawakai milele.

Nenda salama. Mungu akutangulie kila penye kona. Na pale ramani itakapokuishia, kwa kuwa ipo siku itakuishia, akukutanishe na mtu aliyetoka nyumbani kwake tangu asubuhi kuja kukungoja, kwa sababu anajua kwamba hutauliza.