Simenti Nyeusi ya Tata

Tata, baba yangu, alikuwa fundi wa kujenga tanuru za kuyeyushia shaba hapa Kolwezi. Mwaka niliomaliza kusomea kemia, alimwaga dari la zege juu ya jiko la mama kwa simenti nyeusi iliyobaki kazini. Aliongeza maji ili zege liteleze. Nilipoanza kumkataza, alinikatiza mbele ya wakwe zangu: "Masomo yako ni ya makaratasi." Kesho yake akaligonga kwa nyundo, likalia kama chuma.

Nikaamua kutomwambia nilichojua. Simenti ile hufunga maji mengi ndani ya fuwele zake za kwanza, ndiyo maana inakuwa jiwe kwa siku moja. Lakini fuwele hizo hazidumu. Zikipata joto na unyevu zinageuka kuwa nyingine, ndogo na nzito zaidi, zinatema maji na kuacha matundu. Maji yakizidi siku ya kumwaga, matundu yanazidi, mpaka dari linaweza kuanguka. Na chini yake mama alisonga bukari, ugali wetu, kila siku.

Nilingoja miaka sita. Jumapili moja niliwaita wageni wa kanisa jikoni, nikapanda kiti, nikasukuma bisibisi darini. Ilizama, unga ukamwagika.

"Tata, ile nguvu iko wapi?"

Aliutazama unga, kisha akamtazama mama aliyeshika sufuria.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu siku ya kwanza," nikajibu, bado natabasamu.

Tata alinisamehe mwezi uleule. Mama, mpaka leo, hali chakula ninachopika.