Mama Mkwe Katika Nyumba Isiyo na Kuta

Tulipohamia katika kiwanda cha zamani cha sabuni kilichogeuzwa makazi, muuzaji alisifu kitu kimoja mpaka koo likamkauka: hakuna kuta za ndani. Ukifungua mlango unaona jiko, sebule, na mwisho kabisa, juu ya ngazi tatu za chuma, kitanda. "Espace ouvert, papa," alisema, yaani nafasi wazi. Mimi niliyekulia mtaa wa Katuba, ndugu sita chumba kimoja, nilitaka huo uwazi hadi mate yakanitoka. Mama mkwe hakunijia kichwani hata sekunde moja.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Mama mkwe kukiona kitanda wanacholalia binti yake na mumewe ni aibu isiyo na jina.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, hawezi kuinama, na mimi nilimshika mtoto kama yai la mtu mwingine. Tulimhitaji mno mama yake. Akaja na beseni lake kutoka Katuba, akafika mlangoni, akakiona kitanda, akageuzia uso matofali ya ukuta.

"Miye siwezi kuingia mu nyumba kwenye kitanda ya mukwe iko inaniangalia," akamwambia binti yake.

Kamati ya wakazi ilikataza kupiga msumari ukutani, eti matofali ni urithi. Nikafunga kamba kutoka bomba moja hadi jingine, nikatundika vitenge sita kukificha kitanda. Mama akaingia kwa sharti moja, alilolitamka kwa sauti ili nisikie: "Siku tutaonana uso kwa uso mbele ya kile kitanda, ninarudia kwetu."

Siku nane niliishi kama mwizi nyumbani kwangu. Nilikohoa kabla ya kushuka. Nilipiga hodi kwenda chooni. Nilikasirika, nasema kweli: uwazi nilioutamani umegeuka vitenge, na shingo inaniuma kwa kutazama pembeni.

Siku ya tisa, asubuhi, mke wangu alikwenda kliniki kuangaliwa mshono. Mimi niko kitandani na kaptula, natafuta shati. Mama anamwogesha mtoto upande wake. Kamba ikakatika. Vitenge vyote sita vikaanguka kwa mpigo, tukabaki tunatazamana, yeye mikono imejaa sabuni na mjukuu, mimi na kitambi changu.

Hakuweza kufunika macho, wala kukimbia. Nilishaona beseni likirudi Katuba, na mimi nimebaki na mtoto mwenye povu.

Akahamishia macho dirishani.

"Mutoto iko anasikia baridi," akaliambia dirisha. "Ule muntu mwenye iko kule kwa kitanda, miye simujue. Alete taulo."

Nikavaa shati ndani nje, nikapeleka taulo huku nimegeuza shingo. Akaipokea naye amegeuza yake.

Mke wangu aliporudi alikuta vitenge vimekunjwa mezani. Uso ukambadilika. Akauliza nani alimsaidia mama kumwogesha mtoto.

"Voisin moja, jirani tu," mama akajibu, akiendelea kumpaka mtoto mafuta. "Muntu muzuri sana."

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya friji. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kunisifu hata mara moja. Machozi yakanitoka, sikuyazuia.

Alikaa mwezi mzima, na kila asubuhi voisin alipeleka taulo. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, mgongo kwangu, akasema na binti yake kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Ule voisin, umwambie nitarudia kwa mutoto wa pili."