Donge la Bugali Mbele ya Inspekta

Hata sasa nikikumbuka, nakasirika. Mbaya zaidi, sina wa kumkasirikia.

Nafundisha fizikia hapa Goma. Siku inspekta wa shule alipokuja, nilitaka kuonyesha jinsi miale ya leza inavyokibana kidonge cha fueli kutoka pande zote, mpaka viini vya atomi viungane. Nikafinyanga donge la bugali, ndani nikatia sombe, mboga ya majani ya muhogo, iwe fueli. Wanafunzi wanne wakalizunguka kwa viganja, ndiyo miale yenyewe.

"Mubane sawasawa!" nikawaambia. "Mwale mumoja ukizidi nguvu, unaacha kibonyeo kidogo. Kile kibonyeo kinakua, kinakua, mpaka kidonge kinapasuka."

Donge likapasuka. Sombe ikaruka mpaka kwenye blauzi nyeupe ya inspekta.

Nikawaka. "Nani amebonyeza? Hata kushika bugali inawashinda?" Wakaapa kwamba hawakufanya kitu. Nikazidi kufoka. Nikachota bugali nyingine na kuanza kuiviringisha mbele yao. "Muangalie mutu anayejua kazi! Duara safi, hakuna shimo!" Nikaviringisha huku nikiwaita wazembe, wavivu, wasio na adabu.

Darasa zima likaanza kucheka. Inspekta, mama mmoja mpole, akaacha kujifuta sombe, akanyoosha kidole kuelekea mkono wangu.

"Mwalimu, iyo kidole gumba inafanya nini mule?"

Nikatazama. Kidole gumba changu kilikuwa kimezama katikati ya donge, kimechimba shimo zuri la kuchotea sombe, kama kila siku nikikaa kula.