Mukadamu Addi na Chumba cha Nyuma ya Ghala

Kijijini kwetu Tizruft, kulinyamazisha baraza zima hakukuhitaji kelele. Ilitosha Addi u-Bihi apite. Wanaume waliokuwa wakigombania zamu ya maji ya mfereji walianza ghafla kusifu hali ya hewa, na wanawake kisimani wakajitia kuhesabu madumu. Addi alikuwa mukadamu, mtu wa ngazi ya chini kabisa serikalini, yule anayekubishia hodi kukuletea barua ya mwito na anayepeleka habari zako kwa Mkuu wa Tarafa kule bondeni. Akishapinda kona, watu walisema, "Masikio yamepita," kisha mazungumzo yakaendelea.

Na kweli alikuwa anajua, sitamtetea kwa hilo. Alijua nani ana mizinga mingapi ya nyuki, mgeni wa nani amelala siku ya pili, na nani amenuniana na mkewe akahamia kulala sebuleni. Akiona moshi unatoka kwenye nyumba isiyo na mtu, chakula hakikumshuka mpaka ajue. Hakuzaliwa mdaku, ni kazi iliyomlea hivyo.

Kosa lake kubwa alilifanya mwaka wa kwanza wa kazi, alipokuwa bado anaiogopa serikali kuliko radi. Aliandika kwamba Bassu, mchonga milango, amejenga chumba juu ya paa bila kibali. Wakaja watu na nyundo, chumba kikabomolewa kabla udongo haujakauka. Tangu siku hiyo Bassu hakumsalimia. Kwa miaka tisa walipishana kwenye vichochoro vya upana wa punda mmoja, bega likigusa bega, Bassu anatazama mlima.

Addi hakuwa na tamaa kubwa duniani. Alitaka jambo moja, naye alimwambia mkewe Hada zaidi ya mara mia: ahesabiwe kuwa mtu wa Tizruft, si mtu wa serikali aliyewekwa Tizruft.

"Kitovu changu kimezikwa hapa," alisema. "Lakini nikikaa na watu, chai inapoa glasini, hakuna anayefungua mdomo."

"Si ungechunga mbuzi?" Hada alimjibu. "Mbuzi hawanuni."

Tetemeko lilitukuta siku ya soko, mwezi wa Julai, saa saba mchana. Nusu ya wenye nguvu walikuwa wameteremka bondeni na nyumbu wao. Waliobaki walikuwa wamelala ndani, maana kwetu saa ile jua halina huruma. Ardhi ilinguruma, ikajikung'uta, ikatulia. Vumbi lilipopungua, nyumba tulizorithi kwa babu zetu zilikuwa lundo la mawe, udongo na magogo.

Watu walikimbia huku na huku wakichimba popote walipoona kifusi, huyu hapa, yule pale, nguvu zinapotea bure. Hapo ndipo Addi alipopanda juu ya kipande cha ukuta, damu inamtoka kichwani, akaanza kuita.

"Acheni hapo kwa Yidir, hakuna mtu, wote wako shambani. Njooni kwa Itto, yeye na mwanawe hulala pembe ya mlangoni, si chumba cha ndani. Kwa mzee Zayd chimbeni chini ya ngazi, amehamia huko tangu magoti yamuume."

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Walichimba alipoonyesha, na alipoonyesha palikuwa na mtu. Udaku wa miaka tisa ulikuwa ndiyo ramani pekee tuliyobaki nayo. Watu kumi na mmoja walitolewa hai siku ile. Wanne tuliwazika, na Addi huwataja kwa majina kila Ijumaa mpaka leo.

Nyumbani kwa Bassu, majirani walikuwa wakichimba kando ya tanuri la mkate, maana hapo ndipo mama yake, bibi Tuda, alipokuwa akishinda. Bassu na mkewe walikuwa sokoni. Addi alifika anahema.

"Hayuko hapo. Siku za joto hulala kwenye chumba cha nyuma ya ghala la majani."

Moha mfuga nyuki, jirani wa ukuta kwa ukuta kwa miaka arobaini, alimtazama. "Chumba gani wewe? Nyuma ya ghala ni mlima."

"Kipo. Chimbeni, tutabishana baadaye."

Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Chumba kilikuwepo, kwa miaka mitatu. Bassu alikichimbia ubavuni mwa mlima kimyakimya, akaufunika mlango wake kwa majani ya mifugo, na hata Moha hakujua. Lakini Addi alikuwa ameona magogo kumi na mawili ya mti wa mpopla yakiingia uani kwa Bassu, na hakuona paa lililotengenezwa. Alijua. Akaenda kwa Mkuu wa Tarafa wiki ile akazungumzia bei ya shayiri.

Walimtoa bibi Tuda alasiri, mweupe kama aliyetoka kinuni, mguu umevunjika. Neno lake la kwanza halikuwa shukrani. "Nani kawaambia niko huku?"

Wote walimgeukia Addi. Moha akakumbuka kisima alichochimba usiku usiku bila kibali. Mwingine akakumbuka ukuta wake uliosogea mita mbili barabarani. Kila mmoja alikuwa akijiuliza mtu huyu anajua mangapi ambayo hajawahi kuyasema, na jibu lilikuwa linawatia aibu.

Siku ya tatu wafanyakazi wa halmashauri walifungua barabara kwa katapila, nesi akaja, fundi wa maji akaja. Tulikaa kwenye mahema. Bassu alimbeba mama yake mgongoni mpaka kwenye gari la wagonjwa, akampita Addi, akasimama kidogo, kisha akaendelea na njia yake. Watu wengine kinyongo kikiwakaa miaka tisa hawajui tena pa kukishushia.

Mwezi wa kumi ikaja barua. Mkuu wa Tarafa atafika Tizruft kuwaheshimu wafanyakazi waliotumikia watu wakati wa janga: dereva wa katapila, nesi, fundi wa maji, na mukadamu Addi u-Bihi. Ila kila mmoja sharti asimamiwe na mwanakijiji, aeleze mbele ya watu mfanyakazi huyo alifanya nini hasa, na Mkuu aandike kwenye faili. Ndipo apewe cheti.

Addi ndiye aliyeibeba barua, na ndiye aliyeisoma kwanza. Alikaa juu ya jiwe. Cheti kilikuwa kinamjia na kisu ndani yake. Ikisimuliwa alivyompata bibi Tuda, Mkuu atauliza swali moja tu, na mukadamu aliyelificha jengo lisilo na kibali kwa miaka mitatu anavuliwa kazi siku hiyo hiyo. Nyumbani kwake kulikuwa na midomo sita.

"Usiende," Hada alimwambia. "Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa watauliza ninaumwa nini. Hapa watu wanataka kujua kila kitu."

"Wamejifunza kwa nani?" Hada akasema.

Baraza la kijiji lilikutana bila yeye. Jioni Moha alikuja hemani kwake na kikombe cha asali, akakaa kama mtu aliyezoea kukaa pale.

"Tumekubaliana," alisema. "Tutasema bibi Tuda aliita, wewe ukasikia sauti. Basi. Chumba hakitajwi."

"Nani atasimama?"

"Bassu."

Addi alikisogeza kikombe kando. "Mmemlazimisha?"

"Alisema, 'Nitasema mimi.' Unamjua Bassu, maneno yake kama anayauza kwa mizani."

Siku ikafika. Mazulia yalitandikwa kwenye uwanja wa shule, mkate wa shayiri na siagi vikatoka, chai ikamiminwa toka juu ikatoa povu. Mkuu wa Tarafa aliketi na faili lake, uso umebabuka kwa jua, kwani naye alilala garini siku kumi na mbili za janga. Dereva wa katapila alisifiwa mpaka akainamisha kichwa. Nesi alipigiwa vigelegele. Fundi wa maji alisifiwa na wanawake watatu kwa pamoja. Kisha likaitwa jina la Addi.

Bassu alisimama, kofia mkononi. "Bwana Mkuu, mama yangu alifukiwa. Aliita. Mukadamu akasikia sauti, akaonyesha mahali. Akatoka hai."

Mkuu alikuwa anaandika. Ingekwisha hapo, lau si bibi Tuda, aliyekuwa kwenye kiti na gongo lake.

"Nani aliita?"

"Mama, tulia," Bassu alinong'ona.

"Nimetulia. Nauliza nani aliita. Mimi? Mdomo umejaa udongo mpaka kooni, niite kwa pua?" Watu walicheka, bibi akazidi kukasirika. "Nina miaka themanini, sijawahi kumlilia mtu. Huyu hakusikia sauti yoyote. Huyu alikuwa anakijua chumba."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa haijafika hata mlangoni. Mkuu aliweka kalamu chini.

"Chumba gani?"

Bassu alifungua mdomo. Addi akasimama kabla yake.

"Chumba cha nyuma ya ghala, Bwana Mkuu. Hakina kibali."

"Ulikijua tangu lini?"

"Tangu gogo la kwanza."

"Na hukuniandikia."

"Sikukuandikia."

"Kwa nini?"

Addi alimtazama bibi Tuda. "Niliwahi kuandika mara moja, kuhusu chumba cha juu ya paa. Mlipokibomoa, nilimwona mama huyu akizoa udongo wake kwa beseni, ili mwanawe autumie tena. Nikasema hili silirudii. Kama ni kosa, ni langu peke yangu."

Mkuu aliwageukia watu. "Nyinyi mnataka nimpe cheti mtu anayeificha serikali habari? Nani anamsimamia huyu?"

Moha aliinuka. "Mimi, Bwana Mkuu. Na kisima changu hakina kibali, naye anakijua."

"Moha, kaa chini, utajiponza," Addi alimwambia.

"Umekaa na siri hiyo wewe muda wote huo, mimi ndiye nishindwe kuisema?"

Akainuka mwenye ukuta uliosogea. Akainuka Itto na mtoto kiunoni, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mzee Zayd aliinuliwa na wawili. Kisha akainuka Rqiya, mjane, ambaye mumewe ni mmoja wa wale wanne ambao Addi alionyesha walipo lakini mikono haikuwahi. Hapo Addi alishindwa kuyazuia machozi.

Mkuu alimtazama Bassu. "Hicho chumba kiko wapi sasa?"

"Kimeanguka chote."

"Kisima?"

"Kimefukiwa," alijibu Moha.

"Ukuta?"

"Chini, Bwana Mkuu."

"Sasa mnataka nibomoe nini?" Mkuu alilifunga faili, akakichukua cheti. "Mtakapojenga upya, leteni maombi ya vibali kwa huyu. Na wewe, Addi, safari hii uniandikie mapema wanachohitaji, maana najua unakijua. Njoo uchukue."

Addi hakwenda. Alikuwa anahesabu. Ndiyo kazi yake, na macho yalipita yenyewe nyumba kwa nyumba, hema kwa hema. Tizruft ina nyumba thelathini na nane, na watu wa nyumba zote thelathini na nane walikuwa wamesimama juani, hakukosa hata mmoja. Akahesabu tena, kwa kuwa hakujiamini.

Mkono mzito, wenye magamba ya gundi ya mbao, ulimgusa mgongoni.

"Nenda, ndugu yangu," Bassu alisema. "Watu wamesimama wanakungoja."

Addi akaenda kuchukua cheti chake, analia mbele ya kijiji kizima, wala hakujifuta.