Nafasi ya Kuitikia

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu wa kwaya katika misheni moja upande wa Ushirombo, na nilikuwa na kichwa kikubwa, nisiseme uongo. Seminari ilinishinda, lakini nilirudi na kitu ambacho kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nacho: kutunga muziki wa sauti nne na kuuandika kwa nota. Watu waliniita fundi. Nami nikaitika.

Basi Padre akaniambia Askofu anakuja kubariki kanisa jipya, nitunge wimbo wa matoleo. "Wa kwako mwenyewe, Mwalimu. Ukishindwa tutaimba wa Ulaya." Alisema kwa upole, lakini ile "ukishindwa" ilinichoma.

Nilishindwa. Wiki sita nilikaa mbele ya kinanda, naandika mstari, nafuta, naandika tena, mpaka karatasi zikatoboka. Kila kilichokuja kilikuwa cha Wazungu waliokufa zamani. Wanakwaya wakiniuliza, nawafokea. Nikasingizia waimbaji wa besi: wawili walikuwa wamekimbilia machimbo ya dhahabu Geita, nitatungaje bila besi? Uongo mtupu. Kichwa kilikuwa kimekauka.

Asubuhi moja nikamsikia mama nyuma ya nyumba akisaga mtama. Aliimba wimbo wake wa siku zote, kwa Kisukuma: mstari mmoja, kisha kimya, jiwe linakwaruza tu, kisha mstari mwingine. Nilikuwa nimeusikia tangu utoto bila kuusikiliza. Nikachukua penseli, nikauandika wote, maneno ya Kiswahili nikayapachika baadaye. Zile nafasi za kimya nikaziacha tupu kwa sababu sikujua niweke nini. Juu ya karatasi nikaandika jina langu. Mama sikumwambia kitu.

Padre alipousoma akanishika bega. "Hizi nafasi za kimya, Mwalimu! Umezipata wapi?" Nikainamisha kichwa, eti mnyenyekevu. Ebo!

Siku ya Askofu kanisa lilifurika. Kwaya ikaimba mstari wa kwanza, ikanyamaza kama nilivyoifundisha. Ndani ya kile kimya sauti ya mama ikapanda kutoka upande wa wanawake. Akaitikia kwa Kisukuma, bila wasiwasi, kama yuko jiweni kwake. Mstari wa pili, akaitikia tena. Kufika wa tatu wanawake wenzake walikuwa wamejiunga naye, upande mzima. Na ulikuwa mzuri, jamani! Ndiyo kwanza ulikuwa umekamilika. Lakini mimi jasho lilinitoka, nikaona nimeumbuka, sasa kila mtu anajua nilikoutoa. Nikageuka, nikamkazia macho mama yangu mzazi, nikaweka kidole mdomoni mbele ya watu wote, kama anavyonyamazishwa mtoto. Akanyamaza. Wote wakanyamaza. Nafasi zilizobaki zikapita tupu.

Nje, Padre aliuliza yule mama alikuwa na nini. "Ni mzee tu, Padre," nikasema. "Hajui mambo ya kanisani." Mama alikuwa hatua tatu nyuma yangu, na Kiswahili alikuwa akikisikia vizuri.

 Tulipofika nyumbani mama akavua khanga ya kichwani, akaikunja polepole.

"Nisamehe, baba," akasema. Mama yangu, ananiomba radhi mimi! "Nilidhani umeniachia nafasi yangu. Maana zamani nikisaga, mimi nilikuwa nakuachia wewe. Hata kutembea ulikuwa hujajua vizuri, unashikilia jiwe, unaniitikia."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko wizi wenyewe. Nilitaka kumwambia, nisamehe wewe, mama. Nikasema nina njaa.

Akaenda kusaga. Nikasimama mlangoni nikimngoja aanze, safari hii niitikie. Alisaga mpaka mtama ukaisha, hakuimba.